Mlinda Mlango wa Buluu

Jumapili, 2 Machi

Dada, leo ni tarehe mbili Machi, mvua ya kwanza inapiga bati tangu saa saba mchana, nami nimejifungia jikoni na daftari jipya niape: nitakuambia kila kitu. Hata yatakayonitia aibu. Hata yale ambayo Mama angesema hayaandikwi. Simu zetu hupokei na ujumbe hujibu, kwa hiyo nitaandika muhula mzima, na shule ikifungwa nitamkabidhi daftari hili kondakta wa basi linalopita chuoni kwenu. Simu unaweza kuikata. Daftari utalifungua tu, nakujua.

Bi Volti, mwalimu wetu wa fizikia (jina tumempa sisi, naye hujifanya halijui), anasema anayeandika jaribio aanze na alichokiona, anachokidhani kije baadaye. Basi nilichokiona ni hiki.

Nyumba iko kama ulivyoiacha baada ya kumzika Kaka. Cherehani ya Mama iko chini ya dirisha. Baba bado anawachongea watu funguo pale barazani, tupa yake inakereza asubuhi hadi jioni. Meza ya Kaka iko kwenye kona ya sebule, na juu yake kile kinanda cha umeme alichokuwa akikiunda mwenyewe. Bwana Besi. Unakumbuka enzi zile kilipokuwa waya tupu zilizoshikwa na vibanio? Alikuwa akibonyeza noti ya chini kabisa, glasi za kabatini zinatetemeka, na Baba anafoka kutoka barazani: "Wewe! Mwambie Bwana Besi apunguze!" Kisha Kaka akaanza kuvihamisha vipande kimoja kimoja kwenye bodi ya kudumu, akavipiga lehemu, na kabla hajamaliza ile homa ikamchukua.

Siku uliyoondoka ulisimama mbele ya meza hiyo ukiwa umempa Baba mgongo. Ulisema, "Ungempeleka hospitali siku ileile, si kesho yake." Baba hakujibu. Ukaokota kitu kidogo cha buluu mezani, ukakizungushia miguu yake kwenye pete ya funguo zako, ukatoka. Mlango ulilia nyuma yako hadi glasi zikagongana. Tangu hapo hazijatetemeka tena.

Leo Mama alikuwa akipangusa vumbi. Akachomeka plagi, akasema anataka tu kuiona ile taa ndogo ya kijani aliyoipenda mwanawe. Taa ikawaka. Tukasimama tukiitazama. Mvua ikazidi, na ndani ya spika kikatoka kitu kama mtu anayevuta pumzi akiwa usingizini. Ikapanda. Ikashuka. Ikapanda.

Hakuna aliyegusa kibonyezo hata kimoja.

Mama akaniambia, "Sikiliza."

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Hesabu za seti. Mama hakuichomoa plagi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi shuleni nikamkuta Mama ameketi kwenye kiti cha Kaka, sikio karibu na spika, mikono mapajani. Nikasema, "Mama, nimerudi." Akaniinulia kidole, kama anavyofanya mtu aliye kwenye simu.

Halafu akaniuliza polepole, "Kaka yako alikuwa analala chali au ubavu?"

Nikamwambia ubavu, tena wa kulia, mdomo wazi.

"Basi ndivyo," akasema. "Mtu akilala ubavu hupumua hivi."

Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatatu, 10 Machi

Leo katika klabu ya umeme Bi Volti ametufundisha kapasita. Naandika kwa urefu kwa sababu nahisi inatuhusu.

Alichora vibati viwili vilivyotazamana bila kugusana. Akasema: wazieni vyumba viwili na ukuta katikati. Mtu wa chumba cha kwanza akiuegemea ukuta tu, wa pili hajui kama mwenzake yupo. Lakini akiugonga, akautikisa, wa pili anasikia kila pigo, japokuwa hakuna mtu aliyepita. Ndivyo kapasita ilivyo. Umeme uliotulia haupiti, unaotikisika unapita. Na sauti ni mtikisiko. Katika redio, katika kikuza sauti, katika kinanda cha umeme, kila chumba cha saketi kina umeme wake uliotulia, unaokifaa chenyewe. Ukiuachia uingie chumba cha jirani, jirani anavurugika. Kwa hiyo katikati huwekwa kapasita: sauti ivuke, umeme uliotulia ubaki kwao.

Kipaza, yule mwenzangu asiyejua kunong'ona, akasema, "Mwalimu, hiyo ni kama mlango wa bweni la wasichana. Salamu zinapita, mtu hapiti!"

Darasa zima likacheka. Bi Volti naye akacheka, akasema, "Na wewe, Kipaza, umetulia sana masomoni, ndiyo maana hupiti."

Sikucheka, Dada. Nilimkumbuka Kaka. Siku moja nilikuwa nimekaa chini ya meza yake, naokota vipande vya waya. Akanionyesha kitu cha buluu mfano wa kopo dogo lenye miguu miwili, akaniambia, "Huyu ndiye mlinda mlango wa Bwana Besi. Waliotulia hawapiti. Wanaocheza wanapita." Nilidhani ananitungia hadithi.

Ijumaa, 14 Machi

Jua kidogo. Bwana Besi alipumua kidogo pia. Mama alimsogezea pazia asipigwe na jua.

Jumatano, 19 Machi

Jirani wa mlango wa tatu amekuja kuchukua sare za wanawe. Hazijashonwa. Mama hajaketi kwenye cherehani tangu ile Jumapili. Kitambaa kiko palepale, sindano imesimama katikati ya mshono.

Jirani akatega sikio. "Shoga, kuna mgonjwa humu?"

"Hapana," Mama akasema. "Kuna mtu amelala."

Jirani akanitazama. Nilipomsindikiza aliniambia mlangoni, "Mwanangu, nyumba yenu inapumua. Mwambie baba yako akitupe kile kitu kabla hakijaanza na kukoroma." Alitaka kufanya mzaha, lakini alishuka ngazi haraka kuliko ninavyomjua, na magoti yake yale.

Jioni Mama alipakua sahani nne.

Ijumaa, 21 Machi

Sahani nne.

Alhamisi, 27 Machi

Nilimfuata Baba barazani. Alikuwa na kufuli la mtu mkononi, amelipasua tumbo.

"Baba, Bwana Besi ana ubovu. Nadhani ni kapasita. Naweza kukifungua nikaangalia."

"Acha."

"Lakini Mama..."

"Nimesema acha, Kitinda."

Hakuniangalia. Tupa ikaendelea kukereza. Dada, nilisimama pale nikafikiri kama ulivyofikiri wewe: mtu huyu ni jiwe. Kaka aliumwa, yeye akasema ni uchovu, apumzike, kesho ataamka mzima. Sasa Mama anakauka mbele ya macho yake, naye anasema acha. Nilikuelewa ulivyobamiza mlango.

Ila nimeona jambo moja. Tangu Bwana Besi aanze kupumua, Baba haingii sebuleni. Anapitia mlango wa uani, hata mvua ikiwa inamwagika, na viatu vyake viko jikoni.

Jumatano, 2 Aprili

Niliapa kusema kila kitu, kwa hiyo nasema na hili.

Mama alienda kununua chumvi. Mvua ilikuwa imeshika kiasi kwamba hata tupa ya Baba haikusikika. Nilibaki peke yangu na Bwana Besi. Pumzi zilikuwa nzito kuliko mwezi uliopita, na mwishoni mwa kila moja kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama kohozi. Nilipozungusha kifundo cha sauti kilikwaruza pia, krrr, krrr. Nikajiambia hiki ni chombo. Ni bati, waya na vipande vya redio za watu. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kaka?"

Pumzi ikasimama.

Sijui kwa muda gani. Mvua iliendelea, taa ya kijani iliendelea, yeye alinyamaza kama mtu aliyeitwa jina lake. Halafu ikarudi taratibu.

Nilichomoa plagi. Na bado, Dada, plagi ikiwa mkononi mwangu, aliendelea kupumua! Pumzi ikashuka, ikawa nene, ikashuka zaidi, kama anayeingia kisimani huku akiniita, mpaka ikaisha.

Mama alinikuta nimeishika plagi. Aliweka chumvi mezani. Hajawahi kuniangalia vile tangu nizaliwe. "Ukiigusa tena hiyo plagi," akasema, "usiniite mama."

Akaichomeka mwenyewe.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemweleza Bi Volti yale ya plagi. Amesema saketi ina kapasita kubwa za kutunza umeme; ukichomoa, hubaki na akiba kidogo, sauti inashuka kadiri akiba inavyokwisha. Si ajabu. Nikamuuliza, na kunyamaza nilipomwita? Alifikiri. Akasema, "Hilo sijui. Andika ulichokiona."

Nimeandika.

Jumatatu, 7 Aprili

Shangazi amemlazimisha Mama waende kliniki kupima shinikizo la damu. Baba alikuwa kwa mteja aliyejifungia nje. Nilichukua bisibisi.

Kwanza nilichomoa plagi, nikasubiri akiba iishe, kama alivyofundisha Bi Volti. Kisha nikafungua kifuniko. Dada, ungekiona! Kazi ya Kaka ni safi kama mshono wa Mama. Vituta vya lehemu ni vidogo, vinang'aa kama vichwa vya pini. Kila kapasita yenye mguu chanya na hasi, ameupaka mguu chanya ile rangi yako nyekundu ya kucha, uliyoitafutia mwizi nyumba nzima. Sasa unajua aliyeiiba.

Nilifuata njia ya sauti kwa kidole, bila kugusa: mahali mlio unapozaliwa, mahali unapochujwa, kisha ukuta, kisha kikuza sauti. Kwenye ule ukuta palikuwa na kapasita isiyo ndugu na wenzake. Kuukuu, ya kahawia, ya redio ya zamani. Haina rangi ya kucha. Kichwa chake kimevimba. Na imewekwa kinyume: mguu hasi umeingia tundu la chanya. Pembeni ya tundu Kaka alikuwa ameweka nukta ya wino wa buluu.

Kapasita ya aina hiyo ukiiweka kinyume hufanya kazi siku za mwanzo. Halafu ukuta wake wa ndani huanza kuoza. Umeme uliotulia unavujia chumba cha pili, na chumba cha pili kinapayuka chenyewe. Ikipata joto inavuja zaidi, ikipoa inapungua. Inapanda, inashuka.

Nilijua pumzi inatoka wapi. Lakini kilichonikalisha chini si hicho. Ni lehemu yake. Madonge mawili makubwa kama punje za mahindi, yameinama upande mmoja. Madonge hayo nayaona kila asubuhi, Dada. Yako kwenye mpini wa birika letu, aliloliunga Baba.

Nilirudisha kifuniko. Nikaichomeka plagi. Nimekaa jikoni nikilitazama birika mpaka walipofika.

Jumanne, 8 Aprili

Bi Volti: "Ikiwa imevimba kichwa, itapasuka. Swali ni lini tu. Ichomoeni."

Nani aichomoe? Nikiichomoa namvunja Mama. Nikieleza namvunja Baba. Nikinyamaza itapasuka sikioni mwa Mama.

Sikusema kitu kwa yeyote. Nimejaribu kumvuta Mama akae mbali na spika, nimemwambia uzi wa kijani umepotea, nimemwambia kuna mgeni. Amenijibu, "Wewe mtoto una nini siku hizi?"

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua kutwa. Baba kaingia kwa mlango wa uani, amelowa mpaka mifupa. Nilimpa taulo. Aliushika mkono wangu kidogo kabla hajaipokea. Nadhani anajua kwamba najua.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nitaandika mpaka kalamu ikome.

Umeme ulikatika saa tisa. Pumzi ikashuka kisimani kama siku ile, na Mama akawa ameshika kinanda kwa mikono miwili akisema, "Usiende, usiende, usiende." Nilimshika bega. Baba alikuwa barazani, tupa imesimama. Nilijua anasikia.

Nikasema, "Mama, tafadhali, tuichomoe mpaka utulie umeme."

"Akirudi akute giza?"

"Mama, si yeye."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Nilimbeba mimi. Pumzi zake nilizijua kabla hujazaliwa wewe. Usiniambie nani si nani."

Hapo umeme ukarudi, kwa nguvu, balbu ikawa nyeupe. Bwana Besi akavuta pumzi moja, kubwa, haijapata kuwa kubwa hivyo, glasi za kabatini karibu zilie. Na mle ndani kikalia paf, kama mtu aliyepiga kofi moja. Moshi mwembamba ukatoka kwenye matundu ya spika, na harufu chungu, ya kuungua na samaki aliyeoza. Kisha kimya.

Mama alipiga ukelele ambao niliusikia mara moja tu maishani, na wewe pia uliusikia, kule wodini. "Amekata roho! Amekata roho mara ya pili!"

Niliruka nikachomoa plagi. Mama hakuwa ameumia. Alikuwa na tepe za karatasi ya ndani ya kapasita kwenye nywele, kama vumbi la nondo. Nilikuwa nazitoa moja moja huku nalia, ndipo Baba akaingia. Aliingia kwa mlango wa sebule. Na viatu.

Alisimama katikati ya chumba, tupa bado mkononi.

"Mama Watoto," akasema, "hakufa mtu. Ni mimi."

Mama alimtazama bila kumwelewa.

"Mwezi wa kwanza, ulipokwenda kwa dada yako. Nilikifungua. Niliona kila kipande kipo, kasoro tundu moja. Nikatafuta kwenye redio mbovu kitu cha umbo lile. Kikaingia vizuri. Katika kufuli, kinachoingia vizuri ndicho chake. Nikadhani na huku ni hivyo." Akaiweka tupa mezani kama mtu anayeweka silaha. "Nikabonyeza noti moja, ikalia. Nikazima. Mvua zilipoanza, ikaanza hayo mapumzi. Nikajua nimeharibu. Nikataka kusema. Wewe ukasema ni mwanao analala."

"Kwa nini ulikifungua?" Mama akauliza.

Nilidhani hatajibu. Yule Baba tunayemjua asingejibu.

"Kila siku nilimwambia apunguze," akasema. "Kila siku ya Mungu. Nilitaka niisikie mara moja, nisimwambie apunguze."

Mvua ikajaza chumba. Mama alikuwa ameketi sakafuni na tepe za karatasi kiganjani. Alizitazama, akasema, "Kumbe siku zote hizi nilikuwa nakusikiliza wewe."

Baba akaketi chini pia. Magoti yalilia. Hawakushikana. Nilitoka kwenda jikoni, nikapakua sahani tatu, kisha nikaona siwezi, nikazirudisha zote kabatini.

Jumatano, 16 Aprili

Kimya.

Alhamisi, 17 Aprili

Kimya hiki ni kibaya kuliko pumzi. Mvua inanyesha na sote watatu tunatega sikio, kila mtu akijifanya anafanya lake.

Jumanne, 22 Aprili

Baba ameniambia, "Kitinda, unaweza kukitengeneza?" Nikasema nitajaribu. Akasema, "Nitashika tochi." Dada, mtu aliyefungua makufuli ya mtaa mzima ameniomba anishikie mimi tochi.

Alhamisi, 24 Aprili

Klabuni kulikuwa na kapasita ndogo tu, bapa kama dengu. Haina chanya wala hasi, huwezi kuikosea. Niling'oa madonge ya Baba. Yeye akamulika na kunielekeza namna ya kutuliza mkono: "Pumua kwanza, ndipo uguse. Hata ufunguo hauchongwi na mtu aliyeziba pumzi." Lehemu yangu haikuwa pini kama ya Kaka, wala punje kama ya Baba. Tuseme dengu.

Tukamwita Mama. Alisimama mlangoni, hakuingia. Nikachomeka. Hakuna pumzi. Nikabonyeza noti za juu, zikalia vizuri, safi, hazikwaruzi. Nikashuka. Kadiri nilivyoshuka, sauti ikazidi kukonda. Noti ya chini kabisa, ile ya glasi, haikuwa na kifua. Nziii.

Mama akasema, "Huyo si mwanangu. Huyo ni mbu amefungiwa koponi."

Baba akakohoa. Nikamtazama, kumbe anazuia kicheko. Mama naye midomo ikamchezacheza, kisha akafunika uso kwa kanga yake, na sikujua kama anacheka au analia, na nadhani naye hakujua.

Ijumaa, 25 Aprili

Bi Volti amenieleza. Noti za juu hutikisika upesi, hugonga ukuta na kurudi kabla kapasita haijajaa. Noti za chini huenda taratibu. Kapasita ndogo hujaa zingali njiani, ikazifungia mlango. Ukitaka besi ivuke, weka kubwa. "Ndugu yako alijua," akasema. "Ndiyo maana aliacha tundu pana."

Nikaiona nukta ya buluu. Nikakiona kile kikopo cha buluu kwenye kidole cha Kaka, mlinda mlango. Nikakuona wewe, umempa Baba mgongo, unazungusha miguu miwili kwenye pete ya funguo.

Ni yeye, Dada. Ulimchukua mlinda mlango. Hukujua. Mimi pia sikujua, nilidhani ni ukumbusho tu, na nadhani nawe ulidhani hivyo. Baba alikuta tundu lililoachwa na mkono wako, akaliziba kwa alichonacho.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama ameketi kwenye cherehani. Amemaliza ule mshono mmoja, akainuka. Basi. Ni kitu.

Jumamosi, 3 Mei

Bi Volti ameniazima kapasita kubwa, "ya majaribio, uirudishe." Ameiandikia kipimo kwenye karatasi, ni kilekile alichokikusudia Kaka, kwa hesabu zake. Niling'oa ile ndogo, na hii sikuipiga lehemu. Niliishika kwa vibanio viwili, kama enzi za waya tupu, na mguu chanya niliupaka nyekundu. Kichupa chako kilikuwa nyuma ya droo ya Kaka. Kimebaki cha kucha moja.

Baba alikuwa barazani, na ufunguo wa mteja. Nikamwambia Mama, "Bonyeza wewe."

"Mimi sijui."

"Kile cha mwisho kushoto."

Mama hajawahi kukigusa kibonyezo hicho, Kaka akiwa hai hakuthubutu. Alifuta kidole kwenye kanga. Akabonyeza.

Ilitoka chini, Dada. Kwanza niliihisi nyayoni, kisha tumboni, ndipo masikioni. Nene, imara, haipumui wala haiombi kitu. Na kabatini, glasi ya kwanza ikaanza, ikaamsha ya pili, zikalia zote, ting-ting-ting. Mama hakuondoa kidole. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kidevuni naye hayafuti, kwa sababu kidole ni kimoja na kazi ni hiyo.

Barazani, tupa ikanyamaza.

Nikasubiri. Mwili wangu wote ulikuwa unalisubiri neno lile. Kivuli cha Baba kikasimama mlangoni. Alifungua mdomo, akaufunga. Glasi zinalia.

"Ongeza," akasema.

Nikazungusha kifundo, na hakikukwaruza. Baba aliegemea mwimo wa mlango, macho kayafumba. Nilimwangalia usoni kwa mara ya kwanza mwaka huu. Dada, si jiwe. Nilikosea, nadhani tulikosea wote wawili. Siku ile ya homa hakudharau. Aliogopa, kama sisi, na kila mwenye hofu hujiambia ni uchovu tu, kesho ataamka.

Mama alipoinua kidole niliuliza kama niipige lehemu, Bi Volti hatakasirika, dukani ziko tele.

"Mrudishie mwalimu yake," Baba akasema. "Tundu hilo lina mwenyewe."

Ijumaa, 9 Mei

Shule imefungwa. Mvua imekatika, ni matone tu kwenye michirizi. Bwana Besi yuko mezani, kifuniko wazi, matundu mawili wazi, nukta ya buluu pembeni. Ni bubu kabisa. Mama hupita akamgusa, akaenda zake kushona. Anapakua sahani tatu, lakini ya nne iko juu kabatini, haijarudishwa chini pamoja na zile za wageni.

Jana Baba aliniuliza, huku anakereza, bila kuinua kichwa, "Ile ya buluu, iko kwenye funguo za dada yako?"

"Ndiyo, Baba."

"Na ule ufunguo wa hapa niliomchongea, ulikuwa kwenye pete hiyohiyo?"

"Ulikuwepo siku aliyoondoka."

Akakereza. Akapuliza vumbi la shaba. "Kitasa sijakibadilisha," akasema. Leo asubuhi nimemwona akikitia mafuta, matone mawili, akaujaribu ufunguo wake, akaujaribu tena.

Kondakta anaondoka saa nane na anarudi Jumapili. Andika hata kwenye kipande cha gazeti, umpe mkononi, tafadhali, nitangoja jibu kituoni: ule ufunguo wetu bado uko kwenye pete, pamoja na mlinda mlango?